Moja Kumi na Moja za Fundi Angélique

Msimulizi wenu anaanza kwa kuwaonya: habari hii hamtaiamini. Mtaisoma hadi katikati, mtaguna, mtasema, "Huyu Mselem wa Tanga kaanza tena," kisha mtarudia chai yenu. Haidhuru. Mselem aliishia darasa la sita, si kwa kushindwa, ila walimu waliishiwa vitu vya kumfundisha. Kwa hiyo kutoaminiwa amekuzoea. Lakini safari hii habari si yake. Ni ya fundi Angélique, mshonaji wa chumba cha mbele katika ile nyumba ya bati jekundu pale Bellevue, Joburg, nyumba iliyojengwa kwa familia moja na sasa inabeba tisa, achilia mbali paka asiye na mwenyewe.

Angélique ni mtu wa Kalemie, Kongo, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mwembamba, mwenye sugu ya mkasi kwenye kidole gumba. Ukimpelekea kitenge asubuhi atakitazama, atakutazama wewe, hatagusa futi, na jioni gauni litakukaa kana kwamba umezaliwa nalo. Hilo watu wanalijua kuanzia Yeoville mpaka Diepsloot. Wasilolijua ni kwamba chini ya meza ya cherehani, nyuma ya ndoo ya vipande, kulikuwa na madaftari kumi na saba ya jalada gumu, kurasa mia moja tisini na mbili kila moja, yamejaa pomoni, na la kumi na nane limeanza. Ndani ya madaftari yote hayo mlikuwa na hesabu za namba moja tu. Namba yenyewe hii hapa, itazameni vizuri:

11 111 111 111

Moja kumi na moja, zimesimama mstari mmoja kama watu wanaosubiri mlango wa ofisi ya vibali ufunguliwe.

Alikutana nayo akiwa na miaka kumi na mitano, darasani Kalemie. Mwalimu wa hesabu aliitwa Octave, mtu wa tai hata jua likiwaka namna gani. Siku hiyo akaziandika ubaoni zote kumi na moja, akapangusa chaki mikononi, akasema, "Namba hii ni tasa. Haigawanyiki na kitu isipokuwa moja na yenyewe. Msijisumbue."

Sasa, Angélique alikuwa na mchezo wake wa siri. Wenzake waliruka kamba, yeye alivunja moja zilizopanga foleni. Moja tatu, yaani 111, ni tatu mara thelathini na saba. Moja nne ni 11 mara 101. Moja tano zilimsumbua wiki nzima mpaka akazikamata: 41 mara 271. Moja sita zinavunjika hata ukizipulizia. Moja saba zilimla likizo yote, lakini nazo zikasalimu amri: 239 mara 4649. Nane, tisa na kumi alishazilaza chini. Akainua kidole.

"Pardon, mwalimu. Hiyo inagawanyika."

"Kwa ngapi?"

"Sijajua bado."

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu Octave naye akacheka, akaelekeza mkono mlangoni. "Basi toka nje. Ukijua, urudi."

Huenda alimaanisha dakika tano. Huenda alikuwa anatania tu, walimu nao ni watu. Lakini mwezi ule ule baba yake Angélique alihamisha familia, kisha mambo ya nchi yakaharibika, shule ikabaki huko nyuma, na msichana hakurudi tena. Kilichobaki ni lile neno: ukijua, urudi. Likamkaa kifuani. Akajiapia kwamba hataketi mbele ya mwalimu yeyote, wa nchi yoyote, mpaka awe ameivunja ile namba au amethibitisha kwamba haivunjiki.

Alipofika Joburg na mkasi wake, miaka tisa iliyopita, akaanza kazi kwa utaratibu. Kila asubuhi kabla ya mteja wa kwanza, kikombe cha chai ya tangawizi pembeni, aliigawa namba yake kwa namba moja. Moja kwa siku, basi. Hakujaribu hovyo: kitu kilichokataa kugawanywa na mbili hakitakubali nne, na kilichogoma kwa tatu hakina haja ya kuombwa kwa tisa. Alijaribu zile namba tasa tu, moja baada ya nyingine, akipanda. Namba ya siku aliiandika juu ya ukurasa kwa wino mwekundu. Chini yake aligawa kwa mtindo waliofundishwa kwao: namba kubwa kushoto, ile inayoigawa kwenye kona ya kulia, na ngazi ndefu ya kutoa ikishuka mpaka baki ya mwisho. Baki ikiwa sifuri, namba imevunjika. Haikuwahi kuwa sifuri.

Mselem, jirani wa chumba cha pili, alimwonea huruma tangu siku ya kwanza. "Lete simu hapa, dada. Dakika moja tu nimalize huu msiba."

"Simu ikiivunja, tonton, simu ndiyo itarudi darasani," akajibu bila kuinua macho; tonton kwao ni mjomba. Na akamwapisha kwa mkono juu ya cherehani kwamba hatachungulia popote. Mselem aliapa, na kwa jinsi alivyo mwaminifu hakuchungulia, ingawa simu yake pia ilikuwa imevunjika kioo.

Kila ukurasa ulimalizikia kwa msalaba. Hapa mvumilie kidogo, maana ndipo habari yote ilipokaa. Watu waliosoma Kongo hawafungi hesabu bila ushahidi wa tisa. Wanachora mistari miwili inayokatana kama herufi X. Kila namba ya hesabu wanazijumlisha tarakimu zake mpaka ibaki tarakimu moja, na tisa haihesabiki. Juu wanaweka tarakimu ya namba inayogawa, chini wanaweka ya jawabu. Wanazizidisha hizo mbili, wanaongeza ya baki, wanaandika kushoto. Kulia wanaweka ya ile namba kubwa. Kushoto na kulia zikilingana, hesabu ni safi, kalamu chini. Angélique aliuamini ule msalaba kuliko alivyoamini macho yake. Ukimwambia umekosea, anachora msalaba. Msalaba ukisema sawa, wewe ndiye uliyekosea.

Basi, Jumatatu moja ya mwezi wa sita, baridi ya Joburg ikiwa imekaza mpaka maji ya ndoo yana ngozi ya barafu, akaingia Biubwa. Huyu ni mama wa Unguja anayefanya usafi katika chuo kimoja kule Randburg, rafiki wa Angélique wa kusukana na kusutana. Mkononi alikuwa na fomu.

"Shoga, soma hii. Watu wazima waliokatiza shule wanamalizia masomo, hesabu ndiyo ya mbele. Ukifaulu unaendelea na ualimu. Mwalimu, shoga! Wewe huyu!"

Angélique aliisoma mara mbili. Maana kufundisha hesabu ndicho kitu pekee alichowahi kukitaka, na hakuwahi kumwambia mtu.

"Mwisho lini?"

"Ijumaa, saa kumi. Unakwenda mwenyewe, unakaa na mwalimu wa hesabu, mnazungumza, anakupima. Na nimewasikia wakisema ofisini, mwakani kozi hii haipo."

"Unakaa na mwalimu," Angélique akarudia polepole.

"Unakaa, ndiyo. Ulitaka usimame?"

Angélique akafungua daftari la kumi na nane. Alikuwa ndiyo kwanza amevuka elfu thelathini. Ili aweze kusema kwa haki kwamba namba yake haivunjiki, ilimpasa kufika kwenye kipeuo chake cha pili, laki moja na elfu tano na ushei. Kwa mwendo wa moja kwa siku, ilibaki miaka kumi na minane na zaidi. Na Ijumaa ilibaki siku nne.

"Siwezi kwenda," akasema. "Niliambiwa nikijua ndipo nirudi. Sijajua."

"Mwalimu mwenyewe huyo labda keshasahau hata jina lako!"

"Mimi sijasahau."

Biubwa akamgeukia Mselem. "Mjomba, sema nawe! Siku zote mdomo wako haufungiki, leo umeumwa na nini?"

Mselem akasema mengi, mengine ya busara sana, lakini hakuna lililoingia. Fomu ikawekwa chini ya kopo la vifungo.

Na vifungo ndivyo vilivyofanya kazi.

Wiki iliyotangulia Angélique alikuwa anamalizia sare za kwaya, magauni thelathini na manne, kila moja na vifungo kumi na viwili mgongoni. Kwa kuwa mikono yake ilikuwa imejaa kazi, alimwomba Mselem apige hesabu na kuleta vifungo kutoka dukani. Mselem akazidisha 34 kwa 12 kwenye kipande cha karatasi, akapata 480. Angélique akachora msalaba kwa mazoea. Thelathini na nne inatoa saba, kumi na mbili inatoa tatu. Saba mara tatu ni ishirini na moja, inatoa tatu. Upande wa pili, nne na nane na sifuri ni kumi na mbili, nayo inatoa tatu. "Sawa," akasema. "Nenda."

Jumanne asubuhi akakaza kifungo cha mwisho cha gauni la mwisho. Mezani palibaki vifungo. Vingi. Akavihesabu: sabini na viwili.

"Tonton," akaita. "Kuna gauni sijalishona?"

"Yote thelathini na manne yako pale ukutani."

Akachukua kalamu, akazidisha mwenyewe. Akapata 408. Akaitazama ile karatasi ya Mselem: 480. Akachora msalaba wa 408, ukasema sawa. Akachora tena wa 480, ukasema sawa. Akakaa, miguu juu ya kanyagio la cherehani, kama mtu aliyesikia mlango ukigongwa ndani ya ukuta.

Kumbe msalaba haujali tarakimu zimekaa wapi. Unazijumlisha tu. Nne, sifuri, nane. Nne, nane, sifuri. Kwake ni mamoja. Tarakimu mbili zikibadilishana viti, msalaba unatikisa kichwa na kusema hewala. Miaka tisa alikuwa ameweka mlinzi langoni, na mlinzi mwenyewe hatambui sura.

(Mselem hapa anataka ieleweke kwamba ile 480 ilikuwa mtego alioutega makusudi kwa ajili ya elimu.)

"Tonton," Angélique akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. "Kila ukurasa nimeiandika namba ya siku mara mbili. Juu kwa wino mwekundu, na ndani kwenye kona. Kama siku moja nilibadilisha viti wakati wa kunakili, niligawa kwa namba nyingine kabisa, na msalaba ukanipitishia."

"Kurasa ngapi?"

"Elfu tatu mia mbili themanini na tano."

Mselem akatafuta kofia yake ili aondoke, akakuta Angélique ameikalia.

Hivyo ndivyo walivyoanza. Hakukuwa na haja ya kugawa upya. Ilikuwa kulinganisha tu. Mselem alisoma wino mwekundu tarakimu kwa tarakimu, Angélique akasoma kona. "Mbili, saba, moja, tisa." "Mbili, saba, moja, tisa." "Geuza." Wateja walikuja wakakuta watu wazima wawili wanaitikiana kama wanafunzi wa madrasa, wakaacha vitambaa vyao wakaondoka kwa adabu. Jumanne wakamaliza madaftari manne. Jumatano Biubwa hakwenda kazini, akajitia homa kwenye simu, akachukua zamu ya kusoma wakati Mselem anapumzisha koo. Wakafika daftari la kumi na mbili. Hakuna kitu. Kila namba ilikaa kwenye kiti chake.

"Bon," Angélique akasema Alhamisi asubuhi, akipuliza vidole vyake. "Labda sikukosea hata siku moja. Hilo nalo ni jambo la kujivunia."

"Jivunie baadaye," akasema Biubwa. "Daftari la kumi na tatu. Soma, Mjomba."

Ilikuwa inakaribia saa sita mchana, jua la baridi limeingia mpaka kwenye cherehani. Mselem akafunua ukurasa, akasoma bila hamu, "Mbili, moja, sita, nne, tisa."

Angélique akainamia ukurasa.

"Nimesema mbili, moja, sita, nne, tisa. Umelala?"

"Rudia tena."

Akarudia. Angélique akaweka kidole kwenye kona ya ukurasa. "Mimi hapa ndani nimeandika mbili, moja, nne, sita, tisa."

Biubwa akanyakua daftari aone mwenyewe. Juu, nyekundu: 21649. Ndani: 21469. Chini, msalaba mzuri kabisa, kushoto mbili, kulia mbili, hauna hata doa. Na pembeni mwa ukurasa palikuwa na maneno madogo ya penseli, kwa sababu Angélique ana tabia ya kuandika yaliyotokea siku hiyo. Biubwa akayasoma kwa sauti, na msimulizi wenu angependa asingeyasoma: "'Tonton Mselem iko anasimulia habari ya chatu aliyemmeza ng'ombe. Sisikii hata kichwa yangu.'"

"Lo!" Biubwa akasema. "Miaka miwili na ushei imekaa hapa, na wewe ndiwe uliyeifukia!"

"Chatu alikuwa wa kweli," akasema Mselem.

"Mnyamaze wote," akasema Angélique. "Safari hii mnyamaze kweli."

Akachukua karatasi safi ya kukatia ruwaza. Akaandika moja kumi na moja kushoto. Kulia, kwenye kona, polepole, akiitaja kila tarakimu kwa midomo: 21649. Akaanza kushuka. Tano. Moja. Tatu. Kila akitoa alirudia kutoa. Mbili. Tatu. Ikabaki 19484, na ya kushushwa ikawa moja tu, ile ya mwisho ya foleni. Akaishusha. Sasa ilikuwa 194841. Akajaribu mara tisa pembeni: tisa tisa themanini na moja, andika moja, nane mkononi, tisa mara nne thelathini na sita, na nane, arobaini na nne... Akaandika jawabu chini ya ile namba.

194841.

Juu na chini, tarakimu kwa tarakimu, kila moja kwenye kiti chake. Akachora mstari. Akaandika sifuri moja, ndogo, ya mviringo.

Hakupiga kelele. Hakuchora msalaba pia. Akageuza karatasi, akazidisha 21649 kwa 513239, jasho likimtoka katika baridi ile, na moja zikaanza kujitokeza kutoka kulia, moja, moja, moja, mpaka zikatimia kumi na moja. Akazidisha tena kwa kubadilisha ipi juu ipi chini. Zikatimia tena.

"Ilikuwa inagawanyika," akasema. Machozi yalikuwa yanadondoka juu ya ruwaza na yeye hana habari nayo. "Nilisema inagawanyika. Nilisema mbele yao wote."

Biubwa akamkumbatia, akamwachia, akamkumbatia tena, kisha akavuta fomu kutoka chini ya kopo la vifungo, akaipiga kwenye meza. "Jaza. Kwa wino. Na huyu atoke nje mpaka umalize, asije akaanza habari za chatu."

Mselem akatoka kwa hiari yake, akasimama uani akimweleza paka.

Ijumaa saa tatu asubuhi walikuwa Randburg. Angélique alivaa koti alilolishona mwenyewe, la kijivu, kola imesimama, na kifuani alikumbatia daftari la kumi na tatu na ile karatasi ya ruwaza imekunjwa mara nne. Mlangoni akasita. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa hajavuka kizingiti cha darasa.

"Ingia, shoga," Biubwa akasema. "Sakafu nimeideki mwenyewe, haina miiba."

Akaingia. Mselem akabaki langoni, maana mlinzi alimwona ni mtu mzito mno kuruhusiwa ndani hivi hivi. Kwa hiyo yaliyotokea ndani yameletwa na mwenyewe Angélique, ambaye wakati haya yanaandikwa yuko upande wa pili wa meza, anapinda suruali na kusikiliza yakisomwa kwa sauti.

Mwalimu wa hesabu alikuwa mtu wa makamo, miwani imemshuka puani. Akamuuliza mara ya mwisho kufanya hesabu ilikuwa lini. Angélique akasema, "Jana." Akakunjua karatasi. Mwalimu akaitazama kwa muda mrefu, akachukua kalamu, akazidisha mwenyewe kimya kimya mpaka mwisho. Na alipofika mwisho kalamu ikamponyoka, akaruka kutoka kitini, akafungua dirisha akawaita walimu wote wa Randburg, wakaja mbio, mia mbili kwa uchache, wengine wanabubujikwa na machozi, mkuu wa chuo akavua koti lake akalitandika sakafuni fundi apite juu yake, na watu wa redio wakawa tayari—

"Tonton. Walimu mia mbili?"

"Mia, basi. Mia na wachache."

"Alikuwa mmoja. Alizidisha, akasema ni kweli, akanivutia kiti, akaniambia nikae. Nikakaa. Naanza Jumatatu. Andika hivyo hivyo."

"Na koti la mkuu wa chuo?"

"Hakukuwa na koti. Andika."

"Haya, naandika: alikuwa mmoja. Akamvutia kiti, kiti chenyewe cha dhahabu tupu, kimebebwa na wanaume kumi na—"

"Tonton!"